Nyumba za Mkomani Kabla ya Vibao

Zamani, nilipokuwa mtoto Lamu, nyumba za mtaa wa Mkomani hazikuwa na kibao hata kimoja. Ukitumwa kupeleka sahani ya futari unaambiwa: pita chini ya wikio, lile daraja la juu kati ya nyumba, ukiona daka refu, yaani baraza la mlangoni, piga hodi. Ukoo ulijulikana kwa nyumba, na nyumba kwa ukoo. Alasiri wazee walikaa madakani, na mgeni aliyeonekana kupotea aliulizwa kwa upole anamtafuta nani.

Nyumba niliyoijua kuliko zote ni ya bibi yangu mzaa mama. Ukivuka mlango unaingia tekani, ukumbi mdogo uliopindishwa makusudi, ili mpita njia asione kiwanda, yaani ua wa ndani. Pembeni palikuwa na birika la maji lenye samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Misana, yaani vyumba vinavyofuata ua, ilikuwa mirefu na myembamba, kwa kuwa upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti za mikoko. Chumba cha ndani kabisa ndicho kilichokuwa na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zikiwa zimezungushiwa nakshi za chokaa. Bibi alipanga humo sahani zake za kaure, na sisi watoto hatukuruhusiwa kuzigusa.

Nyumba ile alipewa na baba yake alipoolewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya wenye nyumba za mawe: binti hupewa nyumba, mume akaja kuishi kwake. Binti mwingine akifikia kuolewa, baba huongeza ghorofa juu au hujenga jirani na kuziunganisha nyumba hizo kwa wikio, wanawake wakatembeleana bila kushuka njiani. Ukitazama Mkomani kutoka juu ya dari, ule msongamano wa kuta na madaraja ni historia ya mabinti na ndoa zao.

Mabadiliko yalianza polepole. Ngome ya Lamu, iliyokamilika mwaka 1821, ilikuwa jela hadi 1984. Baadaye ikawa makumbusho. Nyumba ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ambamo Wajerumani walikuwa na posta kati ya 1888 na 1891 nayo ikawekewa kibao. Mwaka 2001 UNESCO ikauingiza mji wa kale katika Urithi wa Dunia.

Nalishukuru jambo hilo kwa dhati. Bila ya masharti ya uhifadhi, saruji ingetumaliza. Ukuta wa mawe ya matumbawe unahitaji chokaa ili upumue. Ukiupaka saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani na jiwe humomonyoka taratibu. Mafundi wa chokaa na wachonga milango walipata kazi tena, na vijana wakajifunza kwao.

Lakini kutengeneza kwa chokaa na boriti ni gharama, na nyumba moja huwa na warithi wengi. Wengi waliuza, wakahamia mitaa mipya kama Wiyoni. Wanunuzi wengi walitoka Ulaya, na nyumba zikawa za kulaza wageni. Ya bibi iliuzwa baada ya yeye kufariki. Imetengenezwa vizuri, zidaka zote zimo, hilo siwezi kulikana. Mlangoni pana kibao chenye jina jipya, na chini yake mwaka unaokisiwa kuwa wa ujenzi. Jina la aliyejengewa halimo.

Vibao vingi nilivyovisoma Mkomani vinamtaja mfanyabiashara, mtawala au mzungu aliyepita. Sijaona kinachosema: nyumba hii alipewa fulani binti fulani siku ya harusi yake. Kwetu jina la mwanamke halitangazwi ovyo, nalijua hilo, kwa hiyo idhini ya ukoo iombwe kwanza. Enyi wenye nyumba na nyinyi wa makumbusho, kabla ya kupigilia kibao kingine, waulizeni mabibi waliobaki nyumba ilikuwa ya nani. Wao bado wanawakumbuka wenye nyumba mmoja mmoja.