Wastani wa 4,4 na mkono wa mama mmoja

Juma hili tunawaletea jambo lililotufundisha sisi wenyewe, tuliozoea kufundisha wengine.

Mnajua kila formasio inaisha namna gani. Tunagawa fishi, na kila mama anaweka alama kuanzia 1 mpaka 5: mwalimu alieleza vizuri? Saa zilifaa? Utaweza kufanya kazi hii nyumbani? Chini kuna mistari mitatu ya kuandika maneno. Kisha sisi walimu tunabeba makaratasi nyumbani, na usiku, watoto wakiisha kulala, tunahesabu kwa vijiti kama wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Rapoti ilichukua siku tatu, na umeme ukikatika ao mtoto akiugua, hata wiki mbili.

Kwa hiyo tulifurahi sana tulipojifunza kutumia Excel. Tuliingiza alama mara moja, tukaweka fomula, na rapoti ikajitengeneza yenyewe, pamoja na mchoro na sentensi zake. Kwa formasio ya sabuni, yenye wamama 40, ikaandika: "Maelezo ya mwalimu: 4,4 juu ya 5. Wamama wameridhika." Tukaituma kwa komite, tukapanga formasio inayofuata iende vilevile.

Siku chache baadaye mmoja wa wamama wale alikuja amefunga mkono kitambaa. Alikuwa amejaribu kutengeneza sabuni nyumbani. Alimwaga maji juu ya soda kali, ikachemka na kumrukia. Tukamwambia: "Mama, si tulifundisha kwamba soda ndiyo inatiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, na kamwe si maji juu ya soda?"

Akajibu kwa upole: "Mwalimu, niliandika kwenye fishi yangu kwamba pale sikuelewa."

Tulirudi kwenye makaratasi. Wamama 34 walikuwa wametoa 5, na 6 walikuwa wametoa 1. Chukueni biki muhesabu: 34 mara 5 ni 170, ongeza 6, ni 176, gawanya kwa 40, ni 4,4. Hesabu haikudanganya. Lakini wale sita walimezwa na wengi. Na maneno yao hayakuingia hata kidogo, kwa sababu fomula yetu ilijua namba tu. Wanne kati yao waliandika jambo moja: walikaa nyuma, hawakuona ndoo.

Aibu ilikuwa yetu, si ya mashine. Na hatukuiacha Excel. Nani angependa kurudi kwenye vijiti? Lakini tulibadilisha mambo matatu.

Kwanza, fomula ya NB.SI sasa inahesabu ni wamama wangapi walitoa 1 ao 2, na hesabu hiyo inatokea juu kabisa ya rapoti, mbele ya wastani.

Pili, maneno yote yanaandikwa kama yalivyo. Wawili kati yetu wanayasoma kwa sauti, na rapoti haitoki mbele ya hapo.

Tatu, mama asiyejua kuandika anaulizwa kwa mdomo na mama mwenzake, si na mwalimu aliyemfundisha. Ni vigumu kumwambia mtu uso kwa uso kwamba hakueleweka.

Katika formasio iliyofuata tuliweka ndoo katikati, tukakaa duara. Kila mama alitia soda ndani ya maji kwa mkono wake mwenyewe, amevaa glavu, na tukaeleza pia la kufanya soda ikimrukia mtu: kuosha kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, kisha kwenda kituo cha afya. Yule mama alikuja tena. Mkono umepona, kovu limebaki.

Basi wamama, fishi ikiwafikia, msitupe 5 kwa heshima. Kama hamkuelewa, wekeni 1 na mwandike mahali mlipopotea. Tunaahidi kuyasoma.