Alimjengea mkewe ukumbi wa dansi nyuma ya nyumba

Mwaka 1954, kwenye mteremko wenye msitu huko Kentfield, mji mdogo kaskazini mwa San Francisco nchini Marekani, sakafu moja ya mbao ilikamilika. Haikuwa na paa wala kuta. Haikuwa hata na pembe nne kama jukwaa la kawaida. Kingo zake zilipinda kufuata mteremko na kuikwepa miti. Ukitoka nyumbani unashuka ngazi za nje, na umeshafika kazini.

Aliyeichora ni Lawrence Halprin, mbunifu wa mandhari, akishirikiana na Arch Lauterer, mtaalamu wa majukwaa na taa. Aliyejengewa ni mkewe, Anna, mcheza dansi. Sababu ilikuwa ya nyumbani kabisa. Walikuwa na mabinti wawili, Daria aliyezaliwa 1948 na Rana aliyezaliwa 1952, na studio ya Anna ilikuwa mjini San Francisco, ng'ambo ya daraja la Golden Gate. Mama alitaka kufanya kazi yake bila kuwa mbali na wanawe.

Mzazi aliyewahi kupokea simu ya ofisini huku akikoroga uji hahitaji kuelezwa zaidi.

Jina la Halprin linajulikana sana na watu wa mipango miji. Ofisi aliyoifungua San Francisco mwaka 1949 ilipanga viwanja vya umma, chemchemi, barabara za waenda kwa miguu na makazi ya pwani. Vitabu vingi humtaja yeye peke yake. Lakini ukiifuatilia kazi hiyo hatua kwa hatua, kila mara unamkuta mtu wa pili amesimama jirani, na mara nyingi mtu huyo yuko peku.

Walikutana wakiwa wanafunzi Chuo Kikuu cha Wisconsin, wakaoana Septemba 1940. Anna alikuwa na miaka 20, Lawrence 24. Anna alikuwa akisomea dansi, mumewe akisomea kilimo cha bustani. Siku moja Anna alitaka waende kuitazama Taliesin, nyumba ya msanifu majengo maarufu Frank Lloyd Wright, iliyokuwa haiko mbali. Lawrence alirudi kutoka matembezi hayo akiwa mtu mwingine. Akaingia maktaba kutafuta vitabu vya usanifu, akakutana na maandishi ya Christopher Tunnard kuhusu bustani za kisasa, na muda si mrefu akawa Harvard akisoma chini ya Tunnard huyo huyo. Matembezi aliyoyataka mke ndiyo yaliyompa mume kazi ya maisha. Mambo ya aina hii hayaandikwi kwenye wasifu wa kuombea kazi, lakini ndani ya ndoa yanakumbukwa.

Kisha ikaja vita. Lawrence alipelekwa baharini, afisa katika meli ya kivita USS Morris. Aprili 1945, karibu na kisiwa cha Okinawa, rubani wa Japani aliitumbukiza ndege yake kwa makusudi kwenye meli hiyo. Lawrence alinusurika, akapelekwa San Francisco kwa likizo ya manusura. Aliupenda mji ule na ghuba yake, akataka wahamie huko.

Hapa ndipo palipokuwa pagumu. Anna wakati huo alikuwa New York, akicheza kwenye onyesho la Broadway. New York ndiyo iliyokuwa kitovu cha dansi ya kisasa. Walimu, majukwaa na wahakiki wote walikuwa huko. Kwa mcheza dansi kuhamia pwani ya magharibi miaka ile ilikuwa sawa na kuondoka uwanjani mchezo ukiendelea. Alihama. Mume alipata mji wa kuujenga, mke akapata upweke, na hakuwahi kujifanya kwamba halikumuuma.

Kwa hiyo ile sakafu ya mbao haikuwa zawadi tu ya mume mkarimu. Ilikuwa pia deni linalolipwa, na afadhali lililipwa kwa mbao ngumu kuliko kwa maneno.

Mambo mawili yalitokea ambayo hakuna kati yao aliyeyapanga. La kwanza ni kwamba dansi yenyewe ilibadilika. Ndani ya ukumbi wenye kuta mchezaji anajua mbele ni wapi na nyuma ni wapi, na taa huwaka anapotaka. Pale msituni hapakuwa na mbele. Upepo ulivuma, ndege akapita, kivuli cha tawi kikatambaa sakafuni, jani likaanguka mguuni, na yote hayo yakawa sehemu ya mchezo. Anna aliacha miondoko aliyofundishwa akaanza kutafuta jinsi mwili unavyojongea wenyewe ukipewa shughuli ya kawaida kama kubeba, kuvua, kutembea au kuanguka.

La pili ni kwamba New York ilimfuata. Kiangazi cha 1960 walikuja kwenye ile sakafu vijana ambao baadaye walibadili dansi ya Marekani, wakiwamo Simone Forti, Yvonne Rainer na Trisha Brown. Baadhi yao walisafiri kutoka pwani moja hadi nyingine kwenda kujifunza nyuma ya nyumba ya mama mwenye watoto wawili wa shule.

Watoto hao nao hawakubaki madirishani. Daria na Rana walicheza kwenye maonyesho ya mama yao wakiwa bado wadogo. Huenda kuna msomaji atakayeona hilo ni jambo zuri, na mwingine atauliza kama mtoto anayekulia ndani ya kazi ya wazazi anapata nafasi ya kuichagua au kuikataa. Swali hilo ni la haki. Wenye duka la familia wanalijua, na wenye shamba pia.

Juu, kwenye meza ya kuchorea, Lawrence alikuwa akitazama. Mbunifu wa mandhari huchora vitu visivyosogea: ukuta, ngazi, kiti, mti. Mkewe alikuwa akimwonyesha kila siku kwamba kinachohusika hasa ni kile kinachosogea. Mtu atashukaje ngazi hii? Ataharakisha wapi, atasimama wapi, atakaa wapi bila kuambiwa? Akaanza kubuni namna ya kuandika mwendo wa watu kwenye karatasi, kama wanamuziki wanavyoandika nyimbo. Mwaka 1969 aliyaweka mawazo hayo kwenye kitabu, The RSVP Cycles.

Ofisini kwake hakuwa peke yake. Alikuwapo Jean Walton aliyejua mimea, alikuwapo Satoru Nishita aliyekuja kuwa mbia, na Angela Danadjieva, mbunifu mzaliwa wa Bulgaria, ambaye mkono wake ndio hasa uliochora baadhi ya kazi ambazo dunia inaziita za Halprin. Hilo nalo ni jambo la kawaida la ofisi, na si la kupita kimyakimya.

Kazi yao ya pwani inayotajwa zaidi ni Sea Ranch. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni moja ilinunua shamba la kondoo lenye urefu wa kilomita 16 hivi ukingoni mwa bahari ya Pasifiki, kaskazini mwa San Francisco, ikitaka kujenga makazi. Mwekezaji wa kawaida angekata viwanja, akapanga nyumba zote mstari wa mbele zitazame maji, kila moja na ua wake. Lawrence alianza kwa kutembea. Alikaa huko, akachora, akapima upepo, ambao katika ufuo ule ni mkali kiasi cha kuinamisha miti. Aliona kwamba wakulima wa zamani walikuwa wamepanda mistari mirefu ya miti, ikielekea baharini, kuwakinga mifugo. Basi nyumba zikasogezwa karibu na mistari hiyo, paa zikalazwa kufuata upepo, na nyasi zikaachwa wazi ziwe za wote. Nusu ya ardhi isiwe ya mtu mmoja. Wasanifu majengo Joseph Esherick, Charles Moore na wenzake wakachora nyumba za mbao zisizopakwa rangi, ambazo hugeuka kijivu kama magogo ya ufukweni.

Wazo la nyasi za wote hakulitoa hewani. Akiwa kijana alikaa miaka kadhaa Palestina, katika kijiji cha kibutzi, ambako watu walilima pamoja na kula pamoja.

Kiangazi cha 1966, na tena 1968, yeye na Anna waliwachukua wasanifu na wacheza dansi pamoja kwenye warsha zilizoanzia mjini, zikapitia kwenye sakafu ya Kentfield, zikaishia Sea Ranch. Walitembea wamefungwa vitambaa machoni, wakishikana, ili wajue mahali kwa nyayo, pua na masikio. Ufukweni waliambiwa wajenge kwa magogo na vijiti vilivyotupwa na bahari. Hakuna aliyepewa ramani, na kijiji kikatokea. Watoto wetu hufanya hivyo hivyo kwa mchanga kila wanapopelekwa baharini, ila hawa walikuwa watu wazima wenye shahada, na ilibidi wafundishwe upya.

Sea Ranch haikuwa kama ilivyoota. Nyumba zilipanda bei, wengi walionunua ni watu wa kuja wikendi, na wananchi wa California wakaanza kuuliza nani ameruhusu kilomita zote hizo za bahari zifungwe. Mwaka 1972 walipiga kura kupitisha sheria ya kulinda pwani yao. Ujenzi ulikwama kwa miaka mingi katika mvutano huo, hadi yalipopatikana makubaliano mwaka 1980 na njia za umma kwenda ufukweni zikafunguliwa. Nyasi zilikuwa za wote, kumbe "wote" walikuwa ni wenye nyumba tu. Anayeishi pwani popote, na amewahi kuzunguka ukuta mrefu akitafuta kichochoro cha kumfikisha baharini, anaielewa hadithi hii bila mkalimani.

Pale walipofaulu zaidi ni mahali pasipo na mlango. Mjini Portland, jimbo la Oregon, ofisi ile ilijenga chemchemi za zege zinazomwaga maji kwa ngazi, kwa mfano wa mito ya milima ya Sierra Nevada aliyozoea kuichora. Ya kwanza, Lovejoy, ilifunguliwa 1966. Ile kubwa, ambayo ni kazi ya Danadjieva hasa, 1970. Viwanja vingi vya mjini vimejaa vibao: usikanyage, usikalie, usiguse. Hizi zilichorwa ili zikanyagwe. Watoto waliingia ndani na nguo zao, vijana wakapanda juu, wazee wakakaa kwenye kingo na miguu majini. Ni dansi, isipokuwa hakuna aliyewaambia kwamba wanacheza.

Mwaka 1972 Anna aligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana. Alikuwa amejichora picha yake mwenyewe darasani, na tumboni mwa picha hiyo akaweka kitu cha duara, kijivu, ambacho hakuweza kukieleza wala kukicheza. Ndicho kilichompeleka kwa daktari. Alifanyiwa upasuaji. Ugonjwa uliporudi miaka michache baadaye, alijichora tena na kuicheza picha hiyo mbele ya familia na marafiki, kwa hasira na kilio, bila kujali kama inapendeza. Alipona. Lisisomwe kama dawa. Wapo waliocheza na kusali na kutibiwa wakafa, na haikuwa kosa lao. Lakini baada ya hapo hakufundisha tena dansi kwa ajili ya jukwaa pekee. Mwaka 1978 alianzisha taasisi ya kutumia dansi katika uponyaji, na aliyeianzisha naye ni Daria. Yule mtoto aliyekulia kwenye ile sakafu, basi, alirudi kwa miguu yake.

Baadaye zamu iligeuka, Lawrence akalazwa akiwa mahututi, na Anna akakaa kando ya kitanda kati ya mashine na mirija. Alipotoka huko aliutengenezea hofu hiyo mchezo, Intensive Care, mwaka 2000. Aliucheza mwenyewe, akiwa na miaka 80 hivi. Mumewe alipona ugonjwa ule.

Lawrence alifariki Oktoba 2009 akiwa na miaka 93. Walikuwa wameishi kwenye ndoa miaka 69.

Anna aliendelea kufundisha. Alipopita miaka 90 bado wanafunzi walikuwa wakija Kentfield na kushuka zile ngazi. Alifariki Mei 2021, wiki chache kabla ya kutimiza miaka 101. Sakafu ile haikuwahi kuwekewa paa, kwa hiyo majani yalianguka juu yake kila siku, na kabla ya somo ilikuwa lazima mtu achukue ufagio.