Nywele na Chungu

Wahenga walisema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hapana shaka walitaka kutufundisha habari ya akili, na nywele zilikuwa mfano tu. Lakini mfano nao una haki ya kuulizwa. Je, ni kweli kwamba kila mtu ana nywele zake? Kwa mtu mzima aliyeshiba yamkini ni kweli. Kwa mtoto wa miaka miwili nywele si mali yake peke yake. Ni mali ya mama yake, ya shamba la baba yake, ya mvua iliyonyesha au iliyokataa kunyesha, na ya chungu kilichoinjikwa mafigani. Nakusudia kulieleza jambo hili kwa habari za Upare, nchi niliyolelewa, ijapokuwa maradhi nitakayoyataja hayakuzaliwa Upare wala hayaishi huko peke yake.

Msafiri apitaye Same kwa barabara ya Moshi huona nchi kavu: vumbi, miiba, mkonge, na mbuzi wenye subira. Hudhani ameiona Same. Lakini nyuma ya mji ile milima husimama kama ukuta, na kilele cha Shengena hupita mita 2,400. Upepo wa Bahari ya Hindi hufika kwanza upande wa mashariki, ukatua mzigo wake wa maji huko, kisha ukavuka magharibi mikono mitupu. Kwa sababu hiyo, katika mwendo wa saa chache mtu aweza kutoka penye migomba, maharage na tangawizi za Mamba, akashuka penye mahindi ambayo mwaka mmoja huzaa na mwaka wa pili hukauka yakiwa na urefu wa goti. Wilaya ni moja, lakini vyungu si vimoja.

Chakula kinachotutambulisha Wapare mbele ya watu ni makande. Wenzetu hututania kwa ajili yake, nasi tumezoea. Hata hivyo, katika mchanganyiko huo wa mahindi na maharage kuna elimu ambayo wapishi wa kwanza hawakuiandika popote. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na keratini ina salfa nyingi. Harufu ya unywele ulioangukia motoni ni shahidi wa kutosha. Mwili hujenga protini kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za amino, na baadhi ya vipande hivyo hauwezi kuvitengeneza wenyewe, sharti viletwe na chakula. Mahindi yana upungufu wa kipande kiitwacho laisini. Maharage yanacho kwa wingi, lakini yana uchache wa methionini, ambayo ndiyo yenye salfa. Na methionini mahindi yanayo ya kusaidia. Basi kila mmoja humlipia mwenziwe deni. Anayekula mahindi peke yake ana deni lisilolipwa, na deni hilo nywele huliona mapema.

Kwa nini nywele? Kwa sababu katika karamu ya mwili nywele ni mgeni wa mwisho kuandaliwa. Moyo, ubongo na damu hula kwanza. Chembe za mizizi ya nywele hugawanyika upesi kuliko karibu chembe zote nyingine mwilini, na kwa hiyo zinahitaji chakula kingi; lakini mtu haishi kwa nywele, na mwili, kama mzee mwenye busara katika mwaka wa njaa, huwapunguzia kwanza wale ambao nyumba yaweza kusimama bila wao.

Mwaka 1933 daktari mmoja Mwingereza aliyezaliwa Jamaika, Cicely Williams, aliandika habari za watoto aliowaona katika nchi iliyoitwa Gold Coast, nayo ndiyo Ghana ya leo. Watoto hao walikuwa wamelishwa mahindi karibu peke yake. Miguu ilivimba, ngozi ilibabuka, uso ulijaa huzuni, na nywele ziligeuka rangi. Mwaka 1935 alitumia jina ambalo akina mama wa Kiga waliyaita maradhi yenyewe, kwashiorkor, maana yake maradhi yampatayo mtoto aliyeondolewa titini na mdogo wake. Jina hilo limezunguka dunia nzima. Kwetu limekuwa kwashakoo, na vitabu vya Kiswahili vimelipa mwenzi, unyafuzi. Huku Afrika Mashariki Hugh Trowell alishughulika na maradhi hayo miaka mingi, na mwaka 1954 yeye pamoja na Davies na Dean, wote wakiwa wamefanya kazi Kampala, walitoa kitabu kizima juu yake. Hata leo mjadala haujaisha, kwa kuwa ndugu wawili waweza kula sahani moja na mmoja tu akavimba. Uchache wa protini peke yake hautoshi kueleza kila kitu. Lakini kwamba lishe ni mlango wa maradhi hayo, hakuna abishaye.

Nywele za mtoto mwenye unyafuzi husema kwa njia tatu. Hupoteza weusi wake zikawa na rangi ya kutu au ya majani makavu. Huacha kujisokota, zikawa laini na za kunyooka. Na hung'oka kwa mvuto mdogo bila mtoto kulia. Katika nchi za Amerika ya Kilatini waganga waliona ishara ya nne, wakaiita bendera: unywele mmoja wenye pingili nyeusi na pingili hafifu kwa zamu. Unywele hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi. Basi pingili nyeusi ni miezi ya shibe, na pingili hafifu ni miezi ya dhiki, kama pete za mti zinavyotunza habari za mvua. Nchi ya tambarare za Same ina vuli na masika, na kati yao ina miezi ambayo ghala husikika mwangwi. Mtoto aliyezaliwa huko katika mwaka mbaya aweza kuwa na kalenda kichwani asiyojua kuisoma.

Sasa nafika penye jambo lililonifanya nishike kalamu. Mke wa binamu yangu mmoja, katika kijiji kilicho juu ya Same, alikuwa na mtoto wa miezi ishirini na mimba ya miezi mitano. Mtoto aliachishwa titi mimba ilipojulikana. Katika arusi ya jirani wanawake walimpokezana mtoto huyo wakisifu nywele zake: nyekundu kidogo, laini, za singa. Mmoja alisema zimekuwa kama za Mwarabu. Mama yake alifurahi. Nani asiyefurahi kusifiwa mtoto? Siku chache baadaye miguu ya mtoto ilianza kuvimba, na zile sifa zikageuka minong'ono. Wakasema, mtoto amebemendwa.

Neno hili halihitaji kufasiriwa kwa wengi wetu, lakini huenda wasomaji wengine wakalikosa. Kumbemenda mtoto ni kumdhoofisha kwa kukutana mume na mke wakati mtoto angali akinyonya, au kwa mmoja wao kutoka nje ya ndoa. Hayo ndiyo yaaminiwayo katika sehemu nyingi za Tanzania. Ukiangalia vema utaona kwamba imani hii na lile neno la Kiga vimetazama kitu kimoja. Waganda nao walikuwa na neno lao, obwosi, wakalihusisha na mimba mpya ya mama. Mataifa yaliyo mbali mbali yaliona sawasawa kwamba mimba ya pili humdhuru mtoto wa kwanza. Tofauti yao ni kwamba Waga waliyapa maradhi jina la mtoto aliyeondolewa, nasi tukayapa jina la kosa la wazazi. Macho yetu yalikuwa mazuri. Hukumu yetu ndiyo iliyopotoka. Kwa kuwa mwanamke ambaye mwanawe amebemendwa hamwonyeshi mtu mtoto wake. Humfunika kofia, humficha ndani, na siku zinakwenda.

Huyu alikwenda zahanati moja mara moja. Aliyempokea alimwuliza mbele ya watu wote waliokuwa benchini kama amekuwa akilala na mumewe. Alirudi nyumbani, hakwenda tena.

Shangazi yangu alipopata habari alipanda mlima kwa miguu, umri wake ukiwa umepita sitini. Nilikuwa naye. Hakuuliza habari ya mume. Baada ya kuitikia shikamoo alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria.

"Mwanangu, mtoto anakula nini?"

"Uji, mama."

"Uji wa nini?"

"Wa sembe, mama. Na sukari, ikiwapo."

Pembeni palikuwa na gunia la maharage, limeshonwa, likingoja gari la kwenda sokoni. Kuku watatu walitaga uani; mayai yao yalishuka Same kila siku ya soko. Katika nyumba hiyo basi hapakuwa na ukame. Palikuwa na ada ya shule, deni dukani, na mazoea ya kwamba maharage ni chakula cha wenye meno. Mwenyewe mama hakuthubutu kula mayai, kwa kuwa aliambiwa kwamba mwenye mimba alaye mayai huzaa mtoto asiye na nywele. Nilitamani kucheka, lakini palikuwa si mahali pa kucheka. Yai lina salfa na protini za kujengea nywele kuliko takriban kila kitu kilichokuwa katika ua ule, nalo ndilo lililopigwa marufuku kwa kuogopa upara!

Mtoto alipelekwa hospitali usiku ule ule, maana uvimbe wa namna hiyo si wa kutibiwa nyumbani. Alinyweshwa maziwa yaliyochanganywa na sukari na mafuta, kidogo kidogo, mchana na usiku. Kumshibisha ghafula mtoto aliye katika hali hiyo kwaweza kumwua. Jamaa mmoja alishauri anyolewe ili watu wasione. Shangazi alikataa. Alisema nywele zile ziachwe, na kila atakayekuja kutazama azitazame. Mwezi wa pili weusi ulionekana shinani, mstari mwembamba kama wino chini ya majani makavu. Mwezi wa nne ulikuwa upana wa vidole viwili, ncha zikiwa bado na kutu. Wale wale wa arusini walikuja wakaona mpaka uliogawanya unywele mmoja sehemu mbili, uji ulipoishia na maharage yalipoanzia. Hakuna aliyehitaji kuhutubiwa.

Si kila wekundu wa nywele ni njaa, na sipendi mtu atoke hapa akimnyoshea kidole kila mtoto mwenye kichwa chenye vumbi. Jua hupausha nywele; kuna wanaozaliwa hivyo; kuna dawa na rangi za dukani. Wala si kila upotevu wa nywele ni wa chungu. Wazee wetu wengi wana upara, na kati ya Upare na upara pana herufi moja tu, lakini upara wa wanaume aghalabu ni urithi, nao hauondolewi kwa makande wala kwa mchicha. Wasichana ambao nywele zao zimekimbia kutoka pajini wajiulize kwanza juu ya msusi wao, kwani msuko wa kukaza huua mizizi hata ya aliyeshiba.

Upungufu wa madini ya chuma ni habari nyingine, na huwahusu wanawake hasa. Hedhi, uzazi, malaria na minyoo huiba damu, na damu ikipungua nywele hunyauka na kutoka. Mchicha, kisamvu na mnavu vina chuma, lakini chuma cha majani huingia mwilini kwa shida. Ndimu au pera hukisaidia kuingia, na chai inywewayo pamoja na chakula hukizuia. Sisi watu wa milimani tunapenda chai, na tunaipenda juu ya mlo. Ingengoja saa moja isingepungua utamu.

Katika maduka ya Same, kama katika maduka ya Dar es Salaam, chupa za mafuta ya kukuza nywele zimepangwa hadi darini. Mafuta ya nyonyo na ya nazi hulainisha unywele na kuupunguzia kukatika. Hiyo ni faida, nami sibezi. Lakini unywele unaoonekana umekwisha kufa, na maiti hapewi chakula. Aliye hai ni mzizi, naye hulishwa na damu. Vidonge vya biotini navyo vinauzwa kwa bei ya kuku mzima. Upungufu wa biotini ni nadra. Njia moja ya kuutafuta ni kula ute mbichi wa mayai kwa muda mrefu, kwa kuwa una kitu kinachoikamata biotini, na moto wa jikoni hukivunja bure bila malipo.

Wanafunzi wangu wa kike huniuliza mara kwa mara mafuta gani yafaa, kwa kuwa nywele zao zinabaki kwenye kitana kwa mafungu. Kupoteza nywele hamsini hata mia kwa siku si ajabu, maana kichwa kina kama laki moja. Mafungu ni jambo jingine. Mwili ukipata mshtuko, iwe homa kali, uzazi au kujinyima chakula ili kukonda, mizizi mingi hulala kwa pamoja, na nywele zake huanguka baada ya miezi miwili au mitatu, wakati mwenyewe amekwisha kusahau. Basi siwajibu habari ya mafuta. Nawauliza walikula nini miezi mitatu iliyopita. Hucheka kwanza, kisha huanza kuhesabu kwa vidole: chai na andazi, chipsi, siku ile hapakuwa na kitu, siku ile nilikuwa najipunguza.