Gurudumu Kubwa, Injini Ileile

Msomaji, ikiwa umepata kusafiri kwa barabara kutoka Mombasa kwenda Nairobi, yamkini umepita Miasenyi pasipo kuitambua. Ukiisha kuiacha Mackinnon Road nyuma, na kabla hujafika Maungu na Voi, utaona nyumba chache, maduka kando ya lami, na nyika ya udongo mwekundu isiyoonekana mwisho wake. Malori yaendayo Uganda na Rwanda hupita hapa usiku na mchana, na tangu mwaka 2017 reli mpya nayo ina kituo chake hapa. Mgeni hudhani kuwa hayo ndiyo maisha yetu. La, sivyo. Maisha yetu yamo katika njia za udongo ziachazo lami na kuingia porini kuelekea kwenye ranchi, na mtawala wa njia hizo ni pikapu. Pikapu huchukua maji, mbuzi, majani ya ng'ombe, mabati, mgonjwa na bibi arusi. Na siku nyingine huchukua jeneza.

Njia hizo zina hila yake. Malori ya mifugo yapitapo wakati wa mvua, magurudumu yake huchimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati. Jua likiwaka, tuta hilo hukauka likawa gumu kama tofali, na gari lililo chini hulikwaruza kwa tumbo. Kwa sababu hiyo wenye pikapu wengi huziinua. Huongeza vyuma katika springi za nyuma, hutia springi ndefu mbele pamoja na shokabzoba za kulingana nazo, kisha, kwa kuwa nafasi imepatikana chini ya bawa, hutia na matairi makubwa. Pikapu ikitoka gereji hapo hupendeza macho. Husimama kama fahali. Lakini haupiti muda utasikia mwenyewe akilalamika kuwa fahali huyo amekuwa mvivu.

Jirani yangu, mzee anayechuuza maji wakati wa kiangazi, alinijia na malalamiko hayo.

"Mwalimu," akasema, "gari langu limezeeka kwa siku moja."

"Pole, Mzee. Limezeeka vipi?"

"Nikikanyaga mafuta hunung'unika kwanza, ndipo liondoke. Juzi nilitaka kulipita lori karibu na Maungu. Nikatoka nyuma yake, nikafika ubavuni mwake, na hapo nikakwama. Sikuweza kwenda mbele, na nyuma yangu palikuwa na basi. Kisha nikaona taa zinakuja. Mama watoto alikuwa kando yangu, hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani."

Aliokolewa na dereva wa lori, aliyepunguza mwendo akamwachia nafasi. Gereji moja ilikuwa imekwisha kumwambia kuwa pampu ya dizeli imechoka na nozeli zinahitaji kubadilishwa, na mzee alikuwa akihesabu mbuzi wa kuuza. Nikamwuliza gari lilianza uvivu lini. Akajibu kuwa lilianza siku ileile lilipoinuliwa. Basi, msomaji, hapo kuna swali ambalo halihitaji ujuzi wa gereji. Pampu ya dizeli huchakaa kidogo kidogo kwa miaka. Ikiwa gari lilikuwa zima asubuhi, na jioni likawa gonjwa, kwa nini tuanze kutafuta ugonjwa katika kitu ambacho siku hiyo hakikuguswa?

Tulikwenda Voi kwa fundi mmoja mtu mzima, mchache wa maneno. Hakufungua boneti. Aliliendesha gari mwendo wa dakika kumi, akaliacha lisimame lenyewe bila ya kulikanyagia breki, akashuka, akagusa chuma cha kila gurudumu kwa mgongo wa mkono wake. Magurudumu ya mbele yalikuwa baridi. Ya nyuma yalikuwa ya moto.

"Gari hili linakwenda na breki imeshika," akasema.

Sababu yake ni nyepesi ukiisha kuionyeshwa. Breki ya mkono huvutwa kwa waya unaotoka ndani ya gari mpaka magurudumu ya nyuma. Gari lilipoinuliwa kwa sentimita 5, mwili wake ulikwenda juu lakini ekseli ilibaki chini, nao waya haukurefuka. Ukakazana. Viatu vya breki vilivyo ndani ya ngoma vikawa vinasugua kila wakati, hata mzee alipoilaza breki yake kabisa. Fundi aliulegeza waya kwenye skrubu yake, kazi ya robo saa, na gari likaondoka kwa wepesi zaidi. Mzee akacheka. Mimi nilidhani safari yetu imekwisha.

Fundi hakucheka. Alisema amemrudishia mzee nusu tu ya mali yake, na kwamba nusu nyingine imo katika matairi. Sasa chukua kalamu, msomaji, maana hapa hesabu uliyofundishwa darasani inatoka nje kwenda kufanya kazi.

Tairi la akiba lilikuwa bado ni lile la zamani. Tulipiga alama ya chaki juu ya tairi hilo, tukalizungusha mara moja ardhini, tukapima kwa utepe: sentimita 232. Tukafanya vivyo hivyo kwa tairi jipya: sentimita 251. Yaani kipenyo cha la kwanza ni sentimita 74 na cha la pili ni 80, ukigawanya kwa 3.14. Katika kilomita moja tairi la zamani huzunguka mara 431, na jipya mara 398. Ndani ya difu, lile boga la chuma lililo katikati ya ekseli, mna gurudumu lenye meno 41 linalozungushwa na dogo lenye meno 10. Basi ili tairi lizunguke mara moja, shafti itokayo kwenye gia yapasa kuzunguka mara 4.1. Katika gia ya nne ya gari hili injini na shafti huzunguka sawasawa. Gari likienda kilomita 60 kwa saa, ambazo ni kilomita moja kwa dakika, injini ilikuwa ikizunguka mara 1,767 kwa dakika. Sasa huzunguka mara 1,632. Gia ni ileile na mwendo ni uleule, lakini injini inafanya kazi ikiwa imeinamishwa kichwa. Na injini ya dizeli yenye tabo, ikishuka chini ya kiasi fulani cha mizunguko, ni kama mwimbaji asiyepata pumzi.

Unaweza kulitazama jambo hili kwa njia ya wenzo vilevile. Nguvu ya kuzungusha hutoka katikati ya gurudumu, nayo ardhi husukumwa ukingoni. Kadiri ukingo uwavyo mbali na katikati, ndivyo msukumo upunguavyo. Zamani umbali huo ulikuwa sentimita 37. Sasa ni 40. Gawanya, utaona kuwa msukumo umepungua kwa karibu sehemu 8 katika kila 100.

Nawajua wanafunzi wangu, na naamini nawe ni kama wao. Utauliza, je, sehemu 8 katika 100 ndizo za kumfanya mtu ashindwe kulipita lori? Swali ni zuri, na jawabu lake ndilo lililonivuta kuandika karatasi hii. Mfikirie mwenye duka auzaye bidhaa za shilingi 100 kwa siku, na gharama zake ni shilingi 75. Faida yake ni 25. Mauzo yakipungua kwa shilingi 8 tu na gharama zisipungue, faida inakuwa 17, na karibu theluthi ya riziki yake imekwenda. Gari nalo lina gharama zake. Likiwa na tangi la lita 1,000 za maji, ambazo ni tani nzima, kwenye mwinuko, sehemu kubwa ya msukumo hutumika kulipandisha na kuukata upepo. Kinachobaki ndicho cha kuongezea mwendo, nacho ni kidogo tangu mwanzo. Ukipunguza 8 katika jumla, hukupunguza 8 katika kilichobaki. Umepunguza zaidi sana. Ndiyo maana katika tambarare mzee hakuona neno, lakini kila alipopeleka mzigo kutoka Mwatate kupanda Wundanyi, iliyozidi mita 1,300 juu ya bahari, alishuka gia mahali ambapo hajapata kushuka.

Wengine husema kuwa uzito wa matairi makubwa ndio mwuaji. Uzito upo, na ni kweli kuwa uzito ulio ukingoni mwa gurudumu hugharimu karibu mara mbili wakati wa kuongeza mwendo, kwa kuwa yapasa kuusukuma na kuuzungusha pia. Lakini hata kama kila tairi lilizidi kwa kilo 6, hizo ni kilo 24, uhesabu kuwa 48. Ni kama kumpakia mtoto wa shule. Sioni haja ya kelele nyingi juu ya jambo hilo.

Mzee alisikiliza hesabu zote hizi akiwa amekaa juu ya tairi. Kisha akauliza jambo ambalo wengi hawaulizi: "Basi kwa nini nisitoe matairi haya, nikabaki na springi ndefu tu?"

Fundi akamwita alale chini atazame. Kuinua springi hunyanyua mwili wa gari, lakini difu imo katika ekseli, na ekseli inakaa juu ya matairi. Hata ukitia springi ndefu kama mnazi, difu haipandi hata unywele mmoja. Jiwe lililokuwa likiigonga jana litaigonga leo. Kitu kiinuacho difu ni tairi peke yake, nalo huiinua kwa nusu ya kipenyo kilichoongezeka. Matairi ya mzee yalikuwa yameiinua kwa sentimita 3. Akiwa chini pale fundi akatuonyesha na kitu kingine, ambacho kilinitisha kuliko uvivu wote wa gari. Ni fimbo nyembamba ya chuma iliyounganisha ekseli ya nyuma na vali ya breki. Pikapu ikiwa tupu, mwili huwa juu, fimbo huivuta vali, na breki za nyuma hupewa nguvu kidogo ili magurudumu yasiteleze. Ikipakiwa, mwili hushuka, na vali hufunguka. Pikapu iliyoinuliwa huidanganya vali hiyo. Imebeba tani moja ya maji, nayo vali inadhani haikubeba kitu! Ongeza na hili, kwamba tairi kubwa hupunguza nguvu ya breki kwa kiasi kilekile ilichopunguza nguvu ya kwenda. Mtu huona upesi kuwa gari lake haliendi. Kuwa halisimami huona mara moja tu. Fundi alikipandisha kishikio cha fimbo kwa sentimita 5, kadiri ileile ya springi, kabla hatujazungumza bei ya kitu chochote.

Ilibaki kuchagua. Dawa kamili ya gari la namna hii ni kubadilisha meno ya difu. Ukitia meno 43 kwa 10, injini itarudi kwenye mizunguko 1,711 katika ule mwendo wa kilomita 60. Ukitia 41 kwa 9, itafika 1,813, zaidi ya ilivyokuwa zamani, nalo litakuwa gari jepesi mlimani lakini lenye kelele na kiu katika lami ndefu. Lakini pikapu ya mzee husukumwa na magurudumu yote manne katika matope, kwa hiyo ina difu mbili, na mbili hizo lazima ziwe na hesabu moja. Zikitofautiana, mbele na nyuma zitashindana mpaka kimoja kivunjike. Gharama ni mara mbili, na kuyapanga meno mapya yapasa mkono wa fundi mwenye subira na vipimo. Yakikaa vibaya kidogo hulia, kisha hujila.

Njia ya pili ilikuwa tairi la kadiri, lenye kipenyo cha sentimita 77. Nilipiga hesabu juu ya boksi la spea: mzunguko sentimita 242, mara 414 kwa kilomita, injini mizunguko 1,697. Tazama jinsi ilivyokaribia ile 1,711 ya difu mpya. Mzee angepoteza sentimita 1 na nusu chini ya difu, na matairi makubwa yalikuwa bado mapya, ya kuuzika.

Hakujibu siku hiyo. Alirudi Miasenyi, akaenda kwa miguu katika njia ya ranchi akiwa na kijiti alichokikata kwa urefu wa difu ya tairi la kadiri, akakisimamisha juu ya kila tuta na kila jiwe analolijua. Mawe mawili tu yalikizidi kijiti hicho. Aliyang'oa kwa mtaimbo, na juma lililofuata akanunua matairi ya kadiri.

Spidomita bado haisemi kweli: ikionyesha 80, gari linakwenda 83. Mzee amebandika kikaratasi kando yake chenye tarakimu 3, nami nilipomkuta mara ya mwisho alikuwa nyuma ya lori, kabla ya Maungu, ametulia katika gia ya tatu, anangoja njia iwe wazi.