Mto Msimbazi na Chaza wa Mikokoni

Majuzi, maji yalipokupwa, tulishuka kutoka Kinondoni hata mlangoni mwa mto Msimbazi, karibu na Daraja la Selander. Mto huu huanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita kati ya nyumba nyingi, nazo humtwika taka zao. Mwisho huingia katika mikoko, ndipo baharini.

Katika pwani yetu chaza hunata mizizini mwa mikoko. Hana miguu ya kuukimbia uchafu. Huvuta maji, huyachuja, huyatoa. Chakula na vijidudu hubaki mwilini mwake. Basi amlaye mbichi hula yaliyotupwa na watu wa juu. Wadudu wa kipindupindu nao huweza kukaa ndani yake. Twakumbuka Agosti 2015, ugonjwa huo ulipozuka hapa Kinondoni, ukaenea mikoa mingi na kuua wengi.

Tulimkuta mama mwenye kikapu cha kombe, na mwanawe akila mmoja papo hapo. Tukasema, “Mama, wachemshe kwanza.” Akajibu, “Vema, Mwalimu. Na wale watapishao vyoo mtoni wakati wa mvua, mmewaambia nini?”

Tukanyamaza, maana baadhi yao ni majirani zetu, nasi hatujawaambia neno. Moto huua vijidudu, bali madini ya risasi hayatoki kwa kuchemsha. Walimu, wazazi, yatupasa kuanza huko juu, malangoni petu. Jirani yetu ni yule pia aishiye chini ya mto.