Shilingi Tatu, Alama Moja

Mwaka 2005 niliandika programu za maduka ya foreksi ya Nakasero ya chini, Kampala, kwa C++. Kumbukumbu tuliiomba kwa `new`, na tusipoiachilia kwa `delete`, kufikia jioni kompyuta ilikuwa inakokota.

Mzee aliyetufunza kazi alichukia `delete` zilizotapakaa ovyo. “Ssebo, aliyefungua mlango ndiye anayeufunga,” alikuwa akisema. Konstrakta ikiomba kumbukumbu, distrakta iirudishe, na kompaila ndiyo inayoiita wakati ukifika. Balaa lilikuwa kwenye kunakili. Usipoandika konstrakta ya kunakili pamoja na opereta ya =, vitu viwili vinashika pointa moja; cha kwanza kinaachilia kumbukumbu, cha pili kinaiachilia tena, programu inaanguka. Basi tulikuwa tukiziandika zote tatu kila mara, hata zikatuchosha.

Mimi nilipenda zaidi alama ya +. Tangu 1966 Kenya, Uganda na Tanzania kila moja ina shilingi yake, na mtu akizijumlisha kama namba tupu hesabu imeharibika. Kwenye klasi yetu ya Fedha tuliiandikia + kazi mpya: itazame sarafu kwanza, zikitofautiana ikatae. Anayesoma msimbo aliona `a + b` tu, lakini ukaguzi umo ndani.

Kisha lugha ya Java ikatutawala. Kusafisha kumbukumbu kukawa kazi ya mashine, nami sikulalamika. Lakini James Gosling, aliyeibuni Java, kwa kuona opereta zilivyotumiwa vibaya kwenye C++, aliwanyima waandishi + ya klasi zao wenyewe. Hesabu fupi ikawa `a.add(b).subtract(c)`. Kwangu ile ilikuwa adhabu ya wote kwa ajili ya wachache.

C++ nayo haikulala: toleo la 2011 lilileta `unique_ptr`, pointa inayoachilia kumbukumbu yenyewe, na `delete` ikaanza kuwa nadra. Mwaka 2017 Google ikaipokea lugha ya Kotlin kwa programu za Android, na + ikarudi. Vijana wanaoandika programu za simu wanaiandika klasi ya Fedha karibu vilevile tulivyoiandika sisi, ila distrakta hawana. Faili au muunganisho wa hifadhidata wakumbuke wenyewe kuufunga, kwa `use` au kwa `close`. Nikiwaambia kwamba kwetu vilijifunga mara tu utekelezaji ulipovuka mabano ya mwisho, wanacheka. Kwao C++ ndiyo lugha iliyomwachia mwandishi kila kitu.