Fungu la Nne

Kwenye Deep Rock Galactic hakuna timu pinzani ya binadamu. Mko vibete wanne wenye ndevu, mmeajiriwa na kampuni ya madini, mnashushwa tumboni mwa sayari iitwayo Hoxxes IV kuchimba, na karibu kila kilicho hai humo kinataka kuwatafuna. Gemu hii ilitengenezwa na Ghost Ship Games, kampuni ya Copenhagen, ikatoka rasmi mwaka 2020. Mapango hayafanani, kompyuta huyafinyanga upya kila mnaposhuka. Kinachobaki vilevile ni zile nafasi nne za kuchagua, na humo ndimo ulimo utamu.

Skauti ana ndoano ya kamba inayomvuta mpaka darini, na bunduki ya kufyatua mwanga unaonata kwenye mwamba. Bila yeye mnapapasa gizani. Mhandisi hupanda bunduki zinazopiga zenyewe na hubandika majukwaa ukutani. Mtoboaji ana keekee mikono yote miwili. Anakula mwamba kama mchwa anavyokula mlango. Mshika Bunduki ana silaha nzito, waya wa kuvukia makorongo, na kuba la kinga linalodumu sekunde chache tu.

Ukiangalia vizuri, waliobuni nafasi hizi walimnyima kila mmoja kitu. Skauti anafika kwenye madini yaliyo juu kabisa, lakini akifika hana pa kusimama. Mhandisi anaweza kuweka pa kusimama, lakini yeye hafiki. Basi mmoja anabandika jukwaa chini ya madini, mwenzake anarusha ndoano, anatua, anachimba. Waliozoeana hawaambiani kitu. Jukwaa linatokea tu.

Risasi nazo zina adabu yake. Mkikusanya nitra 80 mnaita shehena, inadondoka ikiwa na mafungu manne, moja kwa kila mtu. Gemu haikuzuii kuchukua mawili. Wenzako watakuona, basi.

Sisi tunacheza Jumamosi saa nne usiku. Kaka yuko Doha, na saa za Doha ni zilezile za kwetu, kwa hiyo hakuna anayekesha kwa ajili ya mwingine. Mdogo wetu yuko Mwanza. Mimi niko hosteli Dar es Salaam, nasoma shahada ya uzamili ya takwimu. Kaka ni Skauti, mdogo wetu Mtoboaji, mimi Mshika Bunduki. Nafasi ya Mhandisi tunamwachia mgeni yeyote anayeingia.

Kwa mama tumezaliwa wanne pia. Wa nne ni dada, anayemfuata kaka. Yeye hachezi. Jumamosi saa nne usiku yuko Tanga anamgeuza mama upande wa pili, kwa sababu mama alipigwa na kiharusi mwaka juzi, na mtu asiyegeuzwa hupata vidonda vya mgongo. Dada alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake. Cherehani sasa imefunikwa kitenge.

Kila mwisho wa mwezi kaka hutuma orodha ya michango kwenye kundi letu la WhatsApp. Majina manne, tarakimu mbele ya kila jina. Kaka anaongoza kwa mbali, na ni haki yake. Dawa na nepi za mama zinatoka kwake. Mbele ya jina la dada huwa kuna kistari. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ila orodha ina ulimi wake. Siku moja mjomba alikuja kumjulia mama hali, akaisoma kwenye simu, akamwambia dada mbele ya watu: "Na wewe nawe mwanangu, jitahidi uwe unachangia."

Dada hakujibu. Alinyanyuka akaenda kukoroga uji.

Jumamosi iliyofuata, tulipomaliza kazi, likaja lile jedwali la mwisho: nani ameua wangapi, nani amechimba kiasi gani, nani amewanyanyua wenzake walioanguka. Kaka alikuwa juu kwenye madini, kama kawaida. Nikamwambia, "Kaka, hebu tafuta humo majukwaa ya yule Mhandisi."

"Hayahesabiwi," akasema.

"Na malipo?"

Akanyamaza. Malipo hugawiwa sawa. Madini aliyochimba mmoja huingia kwa wote wanne. Jedwali lipo la kutaniana tu, halimpunguzii mtu chake.

"Unamsema dada," akasema.

"Namsema dada."

Darasani tunafundishwa kwamba kisichopimwa hakimaanishi sifuri. Maana yake ni kwamba hakikupimwa. Kaka ni mtu wa vitendo, akataka kipimwe: dada aandike saa anazomhudumia mama, nasi tuzitafutie thamani ya fedha, tuziweke kwenye orodha. Nikampigia dada nikamfikishia. Akacheka mpaka nikaona aibu kwa niaba ya familia.

"Mnataka kunilipa au kunihesabu?"

"Wewe unataka nini, dada?"

"Jumapili," akasema. "Nataka Jumapili zangu."

Hakutaja fedha. Alitaka alale mpaka jua litoke, aende harusini akae mpaka mwisho, ashone gauni moja alimalize siku hiyohiyo.

Mshika Bunduki hanyanyui watu kwa kasi kuliko wengine. Anachofanya ni kutupa kuba lake pale mwenzake alipoanguka, wadudu wakazuiwa nje, mtu akapata nafasi ya kupiga magoti na kumwinua. Sekunde zile hazimalizi vita, ila bila hizo mnaanguka wote.

Tumepanga hivi. Kaka analipa msaidizi wa Jumapili mbili za mwezi. Mdogo wetu atakuja likizo. Zilizobaki ni zangu: Ijumaa napanda basi la Tanga, Jumatatu alfajiri narudi. Orodha bado inatumwa, ila jina la dada halimo, kaka aliliondoa mwenyewe, akaandika juu yake "michango ya walio mbali." Mjomba hajaridhika. Anasema familia nzuri huandika majina yote.

Siku hizi kuna Jumamosi kaka na mdogo wetu wanacheza na wageni wawili, na simu yangu inatetemeka kwa malalamiko kwamba Mshika Bunduki wa leo hajui kazi. Naisoma nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda. Mama ananitazama kwa jicho moja lililo imara, anauliza kwa tabu nacheka nini. Namwambia ni wanawe. Saa nne ikifika namgeuza kama dada alivyonifundisha, mkono chini ya bega, mwingine nyuma ya nyonga. Chumba cha pili cherehani inalia.